Tupeane uzoefu: kuvuta tela la mizigo kwa pikipiki

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamvi, kila msimu wa mavuno unapokaribia swali hili hurudi vijiweni na kwa mafundi: je, mwenye pikipiki moja ya cc 125 au 150 anaweza kujitengenezea tela la bei nafuu, likambebea magunia, madumu au mbao, bila kuiua pikipiki na bila kujiua mwenyewe? Najua wapo watakaosema anunue toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, wamalize habari. Toyo ni nzuri, ila ni chombo cha kazi moja. Tela unalifungua jioni ukaliacha uani, na pikipiki ikaendelea kubeba abiria kama kawaida. Kwa hiyo naomba tuzungumze kuhusu tela peke yake. Anayelivuta, aliyelivuta akaacha, na fundi aliyelichomelea waeleze walichokiona: limeungwa wapi, linatembelea magurudumu gani, linabeba nini na barabara ikoje. Bei tuiache, kwa sababu bei ya chuma ya Mwanza si ya Mbeya.

Mkulima wa Kilombero

Mkuu, huku kwetu mpunga hutolewa shambani wakati njia bado zina mitaro iliyoachwa na matrekta, na udongo wetu ukishakauka mitaro ile huwa migumu kama saruji. Tela langu limetengenezwa kwa mabomba ya mraba ya mm 40 kwa 40, unene mm 2. Bomba la aina hiyo lina uzito wa karibu kilo 2.4 kwa kila mita, hivyo mabomba mawili ya mita 6 ni kilo 28 hivi kabla hujaweka ekseli, magurudumu na sakafu. Watu wengi huhesabu magunia tu na kusahau kwamba chuma nacho ni mzigo usiolipiwa.

Suala lililonichosha zaidi lilikuwa magurudumu. Nilianza na ya toroli, ambayo hayakutengenezwa kwa mwendo wa pikipiki. Ukisimama na kugusa kitovu chake unaondoa mkono haraka. Baadaye nikafunga rimu za spoku za pikipiki, nazo zikaanza kupinda. Fundi alinieleza sababu, na nadhani ni jambo ambalo kila mwenye nia ya tela anapaswa kulijua: gurudumu la pikipiki hulala pamoja na pikipiki kwenye kona, kwa hiyo uzito huliangukia wima daima, lakini tela halilali, na kila kona inazisukuma spoku kwa ubavu. Isitoshe, gurudumu hilo limezoea kushikwa pande mbili, na sisi tulikuwa tumelishika upande mmoja. Sasa natumia magurudumu ya bajaji. Tairi lake ni la inchi 8 kama la toroli, ila rimu, beringi na kitovu vimetengenezwa kubeba mzigo barabarani vikiwa vimeshikwa upande mmoja, na ndani yake kuna breki ya drami ambayo fundi mwenye akili ataitumia.

Jirani yangu ana tela la gurudumu moja. Linafuata mstari uleule wa pikipiki na linalala nayo, hivyo kwenye vijia vya mashambani ananipita bila wasiwasi, wakati tela langu lina gurudumu moja mtaroni na jingine juu ya tuta. Hasara yake ni kwamba uzito wote ni lazima usawazishwe na dereva, na hawezi kubeba nusu ya ninachobeba mimi.

Fundi wa Kuchomelea, Morogoro

Jambo la kwanza ninalomwambia mteja ni kwamba tela halifungwi kwenye kerio, kile kibebeo cha mizigo nyuma ya kiti. Kerio imeshikwa na bolti ndogo zilizokusudiwa kubeba begi au mzigo uliotulia. Ikivutwa na kusukumwa mfululizo hupasuka kwenye maungio, mara nyingi upande wa chini ambako dereva haoni. Mimi hutengeneza fremu ya umbo la U inayozunguka gurudumu la nyuma na kushikwa pande zote mbili kwenye ekseli, ili nguvu ipite chini. Tela likifungwa juu, mlimani huivuta pikipiki kwa nyuma hadi usukani unakuwa mwepesi, na kwenye mteremko huisukuma ielemee mbele, tairi la nyuma likakosa mshiko.

Fremu hiyo nayo ina usumbufu wake. Ekseli ya kawaida haitoshi urefu, inahitajika ndefu zaidi ya chuma kigumu, wala si nondo iliyochongwa uzi kama nilivyoona kwa baadhi ya vijana, na kila unapokaza cheni inabidi uilegeze fremu pia.

Kiungio chenyewe ni lazima kikubali mambo matatu: kwenda kulia na kushoto, kupanda na kushuka, na kujisokota. Hili la tatu ndilo husahaulika. Boli ya kuvutia ya magari ya mm 50 hukubali kujisokota kidogo tu, kwa sababu gari halilali kwenye kona. Mimi hutumia krosi kuukuu ya propela shafti ya gari dogo, yaani kile kiungo cha msalaba kinachopinda pande zote, kwa mambo mawili ya kwanza, kisha bomba ndani ya bomba, lenye grisi na pini ya kuzuia lisichomoke, kwa hilo la tatu. Pikipiki ikianguka, tela hubaki limesimama. Na mnyororo wa akiba, kutoka kwenye mkono wa tela (lile bomba la mbele linaloliunga na pikipiki) hadi kwenye fremu ya pikipiki, siukubali uachwe hata mteja akilalamika.

Mama Maji, Dodoma

Mimi si dereva. Pikipiki huendeshwa na mwanangu, lakini mzigo naupanga mimi, kwa hiyo nitazungumzia mpangilio. Tunabeba madumu 8 ya lita 20, ambayo ni kilo 160 za maji. Matano hukaa mbele ya ekseli na matatu nyuma yake. Mwanzoni kila mteja alikuwa akichukua dumu lililo karibu naye, na dereva naye akiona ni rahisi kushusha ya mbele. Baada ya nyumba chache uzito wote unakuwa nyuma, mkono wa tela unaanza kuinyanyua pikipiki, na tela linachezesha mkia barabarani hata kwa mwendo mdogo. Siku moja lilimtupa mwanangu mtaroni, akatoka na michubuko tu, tunamshukuru Mungu. Tangu hapo tunauza ya nyuma kwanza, hata kama mteja atasubiri kidogo.

Kupima ni rahisi. Ning'iniza ncha ya mkono wa tela kwenye mizani ya kupimia mahindi, tela likiwa limesimama sawasawa na mzigo wake. Ikisoma karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote, mpangilio uko vizuri. Na dumu lisibebwe likiwa nusu, kwa sababu maji yakipata nafasi yanasukuma mbele mnapofunga breki.

Mwanzisha mada

Shukrani, mama. Niseme kitu kabla hatujaendelea. Kijiweni nasikia kila mtu akisifia pikipiki yake kwamba “inavuta”, na ni kweli inavuta. Gia ya kwanza na sproketi ya mbele iliyopunguzwa jino moja vitaondoa mzigo mkubwa ajabu. Mimi nataka kujua inasimamaje. Pikipiki ya kilo 120 na dereva wa kilo 70 ni kilo 190, na tela la mama likijaa ni zaidi ya hapo, ilhali breki zote ziko kwenye pikipiki. Tena ukitoka mwendo wa 40 kwenda 60, nguvu inayopaswa kuzimwa na breki inazidi mara mbili. Wenzetu wa milimani mnafanyaje?

Mbogamboga wa Lushoto

Swali limefika penyewe. Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara inashuka takriban mita elfu moja, kona juu ya kona, na sisi tunashuka na kabichi na karoti. Asiye na breki kwenye tela huku tunamwambia akodi gari. Ukitegemea breki ya nyuma ya pikipiki, katikati ya mlima utasikia harufu ya breki shuu, kisha pedali inakanyagika bila kushika.

Tela langu lina breki ya kusukumwa. Mkono wake umekatwa vipande viwili vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine. Pikipiki ikipunguza mwendo, tela linaisogelea, kipande cha nyuma kinavuta waya, na waya unavuta breki za drami za magurudumu ya bajaji. Kadiri tela linavyosukuma ndivyo linavyojizuia. Kasoro yake ni kwamba ukilirudisha nyuma linajifunga vilevile, hivyo kuna pini ya kulizuia, na waya hulegea, nami huukaza kila ninapopakia. Hata hivyo nashuka kwa gia ya pili, na breki nafunga kabla ya kona. Ukifunga ndani ya kona wakati pikipiki imelala, tela husukuma kwa pembeni na kujikunja nawe.

Mswahili wa Leicester

Naongezea ya huku Uingereza kwa kulinganisha tu. Sheria huruhusu tela kwa pikipiki iliyozidi cc 125 peke yake. Upana usizidi mita 1, na kutoka ekseli ya nyuma ya pikipiki hadi mwisho wa tela isizidi mita 2.5. Uzito wa tela pamoja na mzigo usizidi kilo 150 au theluthi mbili za uzito wa pikipiki, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa hesabu hiyo pikipiki ya kilo 120 ingeruhusiwa kilo 80 tu. Ni kweli kwamba huku tela linaweza kwenda hadi maili 60 kwa saa, na ninyi kwenye vumbi hamfiki hata nusu yake, kwa hiyo sisemi mama atupe madumu yake. Lakini kwa njia ya milima, bila breki ya tela, mimi binafsi ningeshika hizo kilo 80.

Mwenyeji wa Kilifi

Kwetu trela huziba namba na taa ya nyuma, nao wenye matatu wakija kwa kasi usiku hawajui wewe ni nini. Nimehamishia taa ya breki na indiketa nyuma ya trela kwa waya wenye plagi, na riflekta kila pembe, hata ubavuni. Jua likishatua silivuti kabisa.

Mwanzisha mada

Fundi, la mwisho: mkono wa tela uwe na urefu gani, na unageuzaje kwenye kichochoro?

Fundi wa Kuchomelea, Morogoro

Ukiwa mfupi, tela hucheza na hujikunja upesi. Ukiwa mrefu hutulia, ila kona inahitaji nafasi. Mimi huacha nafasi ya kutosha ili tela likikunjwa hadi mwisho, pembe yake isiguse tairi la pikipiki wala mguu wa dereva, na hilo napima palepale karakana kabla ya kuchomelea. Kichochoroni usihangaike kurudi nyuma. Chomoa pini, geuza pikipiki, zungusha tela kwa mikono, kisha funga tena na uhakikishe klipu ya pini imerudi mahali pake.