Je, mwani wa Mtwara unafaa kutengenezea nyuzi za tiba?

Mwalimu wa Mikindani
Ndugu wanajukwaa, nafundisha kemia hapa Mikindani, karibu na wakulima wa mwani. Nimesoma kuwa nyuzi nyembamba kama unywele, zinazopatana na mwili wa binadamu, hutengenezwa kwa kupitisha majimaji yatokanayo na mwani katika vifereji vidogo sana, na hutumika kukuzia seli. Je, mwani wetu unafaa? Na uzi hugandaje bila moto?

Fundi Maabara, Lindi
Mwalimu, nyuzi hizo aghalabu ni za aljineti, yaani kitu chenye ute kinachotoka kwenye mwani wa kahawia. Spinosamu na kotonii zinazolimwa pwani yetu ni mwani mwekundu, nao hutoa karajenani, kigandishi cha aina nyingine. Mmumunyo wa aljineti ya sodiamu hupita katikati, na ule wa kloridi ya kalsiamu huuzunguka pande zote. Kwa wembamba wa kifereji, majimaji hayo hutiririka sambamba bila kuvurugana. Ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za kalsiamu hupenya kuelekea katikati na kuunganisha minyororo ya molekuli za aljineti, hata uzi ukatoka umeshaganda. Hapatumiki joto wala kiyeyushi kikali, ndiyo maana hata seli hai huweza kuwekwa ndani. Ukiongeza kasi ya mmiminiko wa nje, uzi huwa mwembamba zaidi.

Mhandisi Tiba
Naomba kuongeza jambo ambalo mara nyingi hupuuzwa. Aljineti haiudhuru mwili, lakini seli za binadamu hazina pa kujishikiza juu yake, hivyo huhitaji protini za kujishikiza, kama kolajeni au jelatini. Mwaka 2013 watafiti wa Tokyo walionyesha nyuzi za urefu wa mita zenye seli na protini katikati, na aljineti ikiwa ganda la nje. Vilevile, uzi huo hulegea ukiwekwa kwenye sitreti (chumvi ya asidi ya limau), kwa kuwa sitreti huiteka kalsiamu.

Mwalimu wa Mikindani
Ahsanteni sana. Basi kotonii haiwezi kabisa kuwa uzi?

Fundi Maabara, Lindi
Inaweza, Mwalimu. Karajenani yake huyeyushwa kwa maji ya moto, kisha huganda inapopoa, hasa penye ioni za potasiamu. Ugumu uko katika kuweka seli, kwa sababu ya joto hilo. Kwa wanafunzi, sindano butu ndani ya mrija wa kioo na pampu mbili zinatosha kuwaonyesha uzi ukizaliwa. Usiuweke kwenye kidonda, kwani malighafi ya tiba husafishwa kwa viwango ambavyo maabara ya shule haiwezi kuvifikia.