I-131 ya kibali cha safari haijatoka, na shukrani ya familia ni Desemba 26

Wa Ndanda (Minnesota): Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. I-485 yangu ya ndoa (ombi la green card) imo, na I-131, ya kuomba parole, yaani ruhusa ya kutoka Marekani na kurudi, niliituma pamoja nayo tangu kiangazi. Kimya. Jana imekuja barua ya alama za vidole, tarehe 23 Desemba! Tiketi ninayo, na tarehe 26 ukoo mzima unakutana Ndanda kumshukuru Mungu, baba katoka hospitali. Kuna aliyeomba parole ya dharura akapata? Alipeleka karatasi gani?

Njomba wa Newala (Houston): Usiondoke. Ukitoka bila parole wanahesabu I-485 umeitelekeza. Shemeji yangu, mama yake kazikwa yeye yuko huku, anatazama kwenye simu.

Mama Mapacha (Ohio): Njomba usitishe watu. Mimi nilitoka nikarudi, hakuna aliyeniuliza parole.

Njomba wa Newala: Wewe ulikuwa na H-1B, viza ya kazi! Hao wana njia yao. Dada kaandika ndoa, soma kwanza.

Mzee wa Masasi (Leicester): Marahaba mwanangu. Paulo katuambia tushukuru kwa kila jambo. Si mnayo Thanksgiving ya kanisa huko? Fanyeni hiyo.

Wa Ndanda: Asante mzee, ila Paulo hakuwa anangoja I-131.

Mama Mapacha: Na Thanksgiving si ya kanisa, ni sikukuu ya serikali. Rais Lincoln aliitangaza 1863, sheria ya 1941 ikaiweka Alhamisi ya nne ya Novemba. Kwangu tunasali kabla ya bata mzinga, kwa jirani ni mpira tu. Tena shukrani gani isiyo na mnada? Nyumbani watu wanapeleka korosho, mihogo, kuku mbele ya altare, ibada ikiisha vinanadiwa nje. Jogoo anunuliwe, arudishwe, anadiwe tena, mpaka mwenyewe kachoka kupigwa kelele.

Njomba wa Newala: Korosho zipi? Zote ziko ghalani AMCOS, kwenye ushirika wa wakulima, zinangoja mnada wao, na makato juu. Mnakumbuka 2018, serikali ikasema itanunua yenyewe, bei shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kubeba? Sadaka mwaka ule kwetu ilikuwa ahadi.

Mzee wa Masasi: Siasa wekeni pembeni. Mmenitamanisha kisamvu cha nazi bure.

Wa Ndanda: Jamani, barua ya daktari wa baba inatosha, au itafsiriwe kwanza?

Mama Mapacha: Mzee, kisamvu kipo maduka ya Wakongo, cha kugandishwa. Ukipate kilichotwangwa, si kile cha majani mazima.