Ulinganisho: kupanda cheo, siku tatu kwa wiki au bendi ya hoteli, kwa mtunzi aliyeajiriwa ofisini

Binti Kigamboni

Habari zenu wakuu. Naomba tulinganishe hili kwa kina, hasa nyie mnaotunga na kuimba huku mmeajiriwa.

Mimi ni afisa madai kwenye kampuni ya bima, Posta, Dar. Napiga gitaa na kuimba nyimbo ninazotunga mwenyewe. Chache nimesharekodi, ziko Boomplay na YouTube, zinasikilizwa kiasi. Mezani nina njia nne.

Ya kwanza, ofisi inataka nikasimamie tawi la Dodoma. Mshahara unapanda vizuri, ila simu ya meneja wa tawi haizimwi hata Jumapili. Ya pili, kubaki nilipo. Ya tatu, bosi amedokeza kwamba wanaweza kunipa mkataba wa siku tatu kwa wiki, nilipwe kwa siku hizo tatu. Ya nne, hoteli moja ya Masaki inatafuta mwimbaji wa kike kwenye bendi yao, usiku nne kwa wiki, 80,000 kwa usiku. Hao wanataka jibu haraka.

Sasa hivi nabaki na kama 1,350,000 kwa mwezi baada ya makato. Sina mtoto, ila mdogo wangu yuko chuo na ada yake naisimamia mimi. Sitafuti umaarufu. Nataka albamu moja ya nyimbo kumi ambazo hata nikizeeka nitazisikiliza bila aibu. Lakini nikifika nyumbani usiku nashika gitaa, vidole vinapiga, maneno hayaji.

Mhasibu wa Sinza

Dada, tuanze na hesabu, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Usiku nne kwa 80,000 ni 320,000 kwa wiki, kwa wiki nne 1,280,000. Ukiitazama harakaharaka utasema ni sawa na mshahara. Si sawa. Hapo ulipo mwajiri anakuwekea asilimia 10 NSSF juu ya 10 unayokatwa wewe. Una likizo ya siku 28 yenye malipo kwa sheria ya ajira ya 2004, na bila shaka ofisi kama hiyo inakulipia bima ya afya. Hotelini usiku usioimba haulipwi. Masika, Aprili na Mei, wageni wanapungua na bendi ndiyo ya kwanza kupunguziwa siku. Ramadhani kumbi nyingi zinasitisha muziki. Kwa bajeti mimi ningeweka miezi tisa ya kazi, siyo kumi na mbili, na hapo wastani unashuka hadi 960,000 kwa mwezi. Bado hujalipa teksi ya usiku wa manane kutoka Masaki hadi Kigamboni.

Siku tatu kwa wiki ni asilimia 60 ya mshahara. Kwa kuwa kodi ya mshahara inakwenda kwa ngazi, utakachobaki nacho kitazidi kidogo 810,000, na NSSF inaendelea kuhesabika. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180, kwa hiyo jua umefikisha mingapi kabla hujaamua lolote. Ukiondoka unaweza kujichangia mwenyewe, lakini ile asilimia 10 ya mwajiri ndiyo imekwenda.

Kwa namba tu: Dodoma ya kwanza, kubaki ya pili, siku tatu ya tatu, hoteli ya mwisho. Upande wa muziki nawaachia wenye muziki wao.

Sauti ya Usiku

Hoteli naijua kutoka ndani, kwa hiyo naandika kirefu kidogo.

Kwanza mazuri, maana yapo na ni makubwa. Hakuna shule ya jukwaa kama ile. Vipindi vitatu vya dakika 45 kila usiku vinakufundisha kupumua, kukaa mbali au karibu na maiki, kumsoma mpiga besi kwa macho tu. Sauti yangu ya leo ilipatikana pale.

Lakini kazi yenyewe ni kopi. Rumba, reggae, nyimbo za Kimarekani za miaka ya sabini, na ule wimbo mmoja wa Kiswahili ambao kila mtalii anaujua. Meneja hataki wimbo wako, na mgeni aliyekuja kula kamba hataki kujifunza kiitikio kipya. Unalala saa tisa usiku, unaamka saa tano asubuhi, mchana unapumzisha koo kwa ajili ya usiku unaokuja. Miaka yangu ya hotelini nilitunga nyimbo chache kuliko nilipokuwa karani nikipiga chapa barua za watu. Kisha siku moja meneja mpya alituma ujumbe kwenye simu kwamba kuanzia wiki ile kungekuwa na DJ. Basi, tukakusanya vyombo.

Wewe hujasema unataka kuishi kwa kuimba. Umesema unataka nyimbo kumi. Hizo ni kazi mbili tofauti, na hoteli inalipa moja tu.

Kaka wa Mwanza

Mimi napingana na wengi watakaokuja. Nenda Dodoma.

Albamu nzuri inagharimu, jamani. Ukitaka mpiga besi, mpiga ngoma na wa kinanda walio hai, siyo midundo ya kompyuta, utawalipa wote. Studio utailipa, na fundi wa kuchanganya sauti pia. Mwenye cheo anaweza kuwaita watu bora, wakafanya kazi bila haraka. Mwenye 810,000 na ada ya chuo atarekodi wimbo mmoja kwa mwaka, tena kwa kuombaomba. Miaka miwili ya Dodoma, unaweka akiba, unarudi na mtaji. Treni ya umeme imeondoa umbali, Ijumaa jioni unapanda, usiku uko Dar.

Mzee wa Ilala

Wanangu, nimesoma yote.

Mnazungumza kama vile ofisi na muziki vimekuwa maadui tangu zamani. Hapa Dar bendi kubwa zilikuwa za ofisi. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, UDA Jazz ya mabasi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, baadaye ikawa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar. Na wewe binti wa bima, Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima la Taifa. Shirika lilinunua vyombo, likalipa mshahara, mtunzi akakaa na wenzake mchana kutwa kupanga magitaa mpaka wimbo ukasimama. Nyimbo zile zinapigwa hadi leo kwa sababu zilipewa muda. Mtunzi hakuwaza kodi ya nyumba kila asubuhi.

Upande wa pili nao niuseme. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Ukiondoka, unaondoka mikono mitupu, gitaa unaliacha ukutani. Kanda zilibaki redioni, na watunzi wengi wamezeeka wakisikia sauti zao hewani bila kupata kitu. Kwa hiyo, binti, njia yoyote utakayochukua, gitaa liwe lako, rekodi ziwe zako, na majina yaandikwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla wimbo haujatoka.

Cheo cha Dodoma sikupendekezei. Mshahara ule wa zamani ulikuwa ukinunua muda. Huo wa umeneja unauchukua.

Kaka wa Mwanza

Shikamoo mzee. Hilo la mwisho limenigusa. Lakini muda bila fedha nao hautoi albamu.

Mzee wa Ilala

Marahaba mwanangu. Hautoi, kweli. Ila nyimbo kumi zikishatungwa, fedha ya kurekodi inatafutika. Ukiwa na fedha bila nyimbo, utarekodi nini?

Nyuzi Sita (Nairobi)

Dada, niko kwenye njia yako ya tatu, hesabu za shirika dogo siku tatu, muziki siku zilizobaki. Naipenda, na ningeichagua tena. Ila ina mitego.

Siku tatu huwa zinakua. Alhamisi inaletwa swali dogo, Ijumaa mkutano wa nusu saa, na kabla hujajua unafanya kazi ya siku tano kwa malipo ya tatu. Siku zitajwe kwa majina ndani ya mkataba, siyo idadi tu. Na ziwe zimeshikana. Jumatatu hadi Jumatano ni bora kuliko Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa sababu wimbo unataka asubuhi mbili mfululizo. Ya kwanza unajaza karatasi, ya pili unafuta.

Mtego mwingine ni wewe mwenyewe. Siku mbili huru zinapendeza sana kwa mambo ya pembeni: kupiga picha za kava, kujibu maoni, kukutana na prodyuza, shoo ya harusi. Mimi Alhamisi mpaka saa sita mchana simu iko chumba kingine. Baada ya hapo ndiyo nafanya ya kuuza.

Halafu soma mkataba wako wa sasa kuhusu kazi za nje na haki za ubunifu. Kazi uliyotengeneza kama sehemu ya ajira huwa ya mwajiri. Wimbo wa mapenzi si sehemu ya madai ya bima, lakini kuna mikataba imeandikwa kwa upana wa kutisha.

Pwani Moja (Unguja)

Assalaam aleikum. Huku kwetu Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, na klabu za taarab zimejengwa juu ya watu wanaotoka makazini, wanakutana jioni, wanafanya mazoezi. Kwa hiyo njia ya pili, ya kubaki ulipo, msiidharau. Kinachowasaidia ni kwamba siku ya mazoezi inajulikana na wenzako wanakungoja. Mtu akiwa peke yake na gitaa usiku ni rahisi kulala. Akingojwa na mpiga fidla, atakwenda.

Jambo la pili: maneno hayahitaji gitaa. Wazee walihesabu mizani vidoleni, nane na nane, popote walipo. Safari yako ya kivuko inatosha ubeti. Una mstari wowote uliokwama? Uweke hapa.

Binti Kigamboni

Waaleikum salaam. Ninao huu, umekaa kwenye simu tangu mwaka jana:

*Kiti chako kiko wazi, chai yako imepoa*

Pwani Moja (Unguja)

Nane na nane, umetimia kabisa! Sasa vina unavyo: katikati "zi", mwisho "oa". Usitafute habari ya kusema, tafuta maneno yanayoishia hapo na habari itakuja yenyewe. Mlinzi, mwezi, kazi, machozi. Kutoa, kuoa, kukomboa, kuchomoa. Ukiweka "kuoa" mwishoni mwa mstari wa pili, wimbo wote umeshageuka, kile kiti hakikuachwa na maiti. Hiyo ni kazi ya kivukoni, gitaa lipumzike nyumbani.

Na ukitaka jukwaa la nyimbo zako mwenyewe, tamasha la Sauti za Busara lilianza 2004 hapa Unguja, hufanyika Februari, na wanataka muziki wa laivu. Siku zako 28 za likizo zinatosha kuja na bendi na kurudi kazini.

Sauti ya Usiku

Mstari huo nausikia kwa gitaa tu, bila ngoma. Usiupeleke studio ukavalishwa midundo, tafadhali.

Mwalimu Tabora

Nyongeza fupi kwa anayedhani ajira inamshusha msanii. Bill Withers wa Marekani alikuwa akitengeneza vyoo vya ndege kiwandani wakati anarekodi albamu yake ya kwanza, iliyotoka 1971 akiwa na miaka 32. Picha ya jalada ilipigwa hapohapo kazini wakati wa mapumziko, ameshika kisanduku chake cha chakula. Hakuuamini muziki kiasi cha kuacha kazi, na nyimbo hazikupungukiwa kitu.

Binti Kigamboni

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Kaka wa Mwanza, hoja yako nimeizungumza na mdogo wangu kwa sababu ada ni yake. Amesema mkopo wa chuo unalipa sehemu na atatafuta kazi ya likizo. Dodoma nimewajibu hapana, kwa barua ya heshima. Hoteli nimewaambia naweza Ijumaa peke yake, kwa ajili ya ile shule ya jukwaa. Wakikataa, sawa.

Siku tatu naomba rasmi wiki hii. Mhasibu, nimehesabu upya kwa 810,000: inabana, inawezekana, ila akiba ya studio itachukua muda mrefu na nimekubali. Pwani Moja, nimepata mstari wa pili kivukoni jana na unaishia na kuoa. Nyuzi Sita, naomba kile kifungu cha mkataba, hata kwa maneno ya kawaida.

Nyuzi Sita (Nairobi)

Changu kinasema hivi, kibadilishe upendavyo: "Mfanyakazi atakuwa kazini Jumatatu, Jumatano na siku iliyo kati yake. Akihitajika siku nyingine, ataombwa kwa maandishi na kulipwa siku hiyo. Nyimbo, maneno na rekodi anazotengeneza nje ya siku za kazi kwa vifaa vyake ni mali yake."

Sentensi ya kwanza iandike tu Jumatatu hadi Jumatano, yangu waliigeuza wanasheria. Ya mwisho ndiyo watakayoibishia. Wakitaka kuiondoa, usisaini siku hiyo. Ipeleke kwa wakili kwanza, wa huko Tanzania, maana sheria zetu si moja.