Mto Omo ukichepushwa, samaki wa Turkana huathirikaje?

Swali: Wakuu, maji ya Omo yakimwagiliwa miwa kule Ethiopia, samaki wa Ziwa Turkana wanadhurika vipi? Mbona ziwa lilipanda 2020?

Jibu 1: Lilipanda kwa sababu ya mvua kubwa. Hilo lisitupumbaze. Omo huleta zaidi ya asilimia 80 ya maji, na ziwa halina mto wa kutokea. Maji yakipungua, chumvi hubaki na kukolea.

Jibu 2: Majira nayo ni muhimu. Mafuriko ya Omo huleta tope lenye rutuba na kuwaashiria samaki wapande mto kutaga. Bwawa la Gibe III kwenye Omo, lililoanza kujazwa 2015, husawazisha mtiririko, hivyo ishara hiyo hufifia.

Jibu 3: Angalia Ghuba ya Ferguson ya Ziwa Turkana, karibu na Kalokol. Ngege (tilapia) dume huchimba kishimo kwenye maji ya kina kifupi, jike hubeba mayai mdomoni, kisha vifaranga hujificha kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Ziwa likishuka mita chache tu, mazalio hayo hukauka, kama mwishoni mwa miaka ya 1980. Pimeni kina na chumvi kila mwezi, mahali palepale.