Naomba ushauri: ukuta wa mawe na chokaa unabanduka lipu kila masika

Assalam aleikum ndugu zangu, mie niko Mji Mkongwe, nyumba yetu ya urithi ni ya mawe ya matumbawe na chokaa kama zilivyo nyingi huku, sasa zamani chini ilipigwa lipu ya saruji na juu yake rangi ya mafuta. Masika ikifika rangi inatoka mapovu, ukiibonyeza kwa kidole inabanduka na nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvi unaomwagika mpaka sakafuni.

Fundi mmoja kanambia saruji na rangi ya mafuta haziachi ukuta upumue, maji yanayopanda kutoka ardhini yanakosa pa kutokea yanazidi kwenda juu mpaka kwenye boriti, na mie naona kasema kweli maana chumba chenye chokaa tupu ni kikavu kabisa. Mwengine anasema nipake dawa ya kuzuia maji basi. Hapo ndo nimekwama.

Kabati la MDF (mbao za unga wa mti ulioshindiliwa kwa gundi) nalo limevimba chini kama mkate uliolowa, bawaba zina kutu, lakini la mvule la bibi liko vilevile, droo tu ndo zinakaza masika.

Mliobandua saruji mkarudi kwenye chokaa, chokaa mliiloweka muda gani, ukuta mliuacha ukauke miezi mingapi kabla ya kupiga lipu, na ile chumvi mliitoaje? Na boriti ukiigonga ikalia tupu ndani, inatengenezeka au ndo ya kubadilishwa? Pesa ni ya ndugu wote, sitaki ipotee.