Potamento, legato na mono: nisaidieni kuelewa mpito wa noti kwenye kinanda

Swali

Habari zenu wanajukwaa. Kwa miaka kadhaa nimepiga kinanda nikitumia sauti za piano na ogani peke yake, na sasa nimeanza kujaribu sauti za sinthesaiza kwa ajili ya kupiga melodi. Katika ukurasa wa kuhariri sauti nimekuta mipangilio mitatu ambayo sikuwahi kuigusa, yaani mono na poli, legato, na potamento yenye muda wa kuanzia 0 hadi 127. Nilipowasha potamento na kuweka muda kwenye 90, kila noti iliburuzika kuelekea inayofuata mithili ya king'ora, nami nikaizima haraka. Nikawasha legato, na hapo noti ya kwanza ilitoka na mpigo wake wa mwanzo, lakini zilizofuata zikawa laini mno. Tena nikibonyeza Do, Mi na Sol kwa pamoja nasikia noti moja tu. Je, kinanda kina hitilafu, au ni mimi nisiyeelewa?

Jibu la 1

Kinanda chako ni kizima. Kinachokuchanganya ni kwamba mambo hayo matatu hukaa jirani kwenye skrini, ilhali kila moja lina kazi yake.

Mono humaanisha kwamba sauti hutoa noti moja tu kwa wakati mmoja, kama filimbi au koo la mwimbaji (poli hutoa noti nyingi kwa pamoja), na ndiyo maana Do, Mi na Sol hazikutoka pamoja. Kwenye vinanda vingi ukiwasha legato, sauti huingia mono yenyewe bila kukuuliza. Legato nayo huamua iwapo noti mpya itaanza upya au itaendeleza ile iliyotangulia. Fanya jaribio hili: bonyeza Do, usiiachie, kisha bonyeza Sol. Utasikia sauti ikihamia Sol bila ule mpigo wa mwanzo, kama mpiga filimbi anayebadilisha vidole bila kukata pumzi. Sasa bonyeza Do, iachie kabisa, ndipo ubonyeze Sol, na mpigo utarudi. Kwa hiyo legato inasoma vidole vyako.

Potamento ni ule mteremko au mpando wa sauti kati ya noti mbili, na haihitaji legato ili ifanye kazi. Kwa sauti ya piano iache imezimwa, kwa sababu nyundo ya piano haiwezi kuteleza kutoka waya mmoja hadi mwingine.

Jibu la 2

Nakubaliana na maelezo hayo, nami niongeze kuhusu ile 90, maana hapo ndipo wengi hukwama. Namba hiyo si milisekunde. Ni kipimo cha kinanda chenyewe, na 90 ya kinanda kimoja inaweza kuwa ndefu zaidi au fupi kuliko 90 ya kingine. Anza na 10, panda kidogo kidogo huku ukipiga kipande chenyewe kwa mwendo wake halisi, na usimame pale mteremko unapokwisha kabla ya kidole kuhamia noti nyingine.

Angalia pia kama kinanda chako kinatumia muda usiobadilika au kasi isiyobadilika. Kwa muda usiobadilika, kutoka Do hadi Re kunachukua muda uleule wa kutoka Do hadi Do ya oktava ya juu. Kwa kasi isiyobadilika, safari ya nusu toni 12 (oktava nzima) huchukua mara sita ya ile ya nusu toni 2 (Do hadi Re). Ukipiga melodi yenye miruko mikubwa utaitambua tofauti hiyo mara moja.

Kwa anayerekodi kwenye kompyuta kupitia MIDI (lugha ya namba ambayo vinanda na kompyuta huwasiliana kwayo), muda wa potamento ni kidhibiti namba 5, swichi yake ni namba 65 (0 hadi 63 ni kuzima, 64 hadi 127 ni kuwasha), na legato ni namba 68. Nilihangaika jioni nzima legato ilipotoweka kwenye rekodi, kumbe programu ilikuwa imezipanga noti zifuate mapigo sawasawa na kukata ule mwingiliano mdogo kati ya mwisho wa noti moja na mwanzo wa nyingine.

Jibu la 3

Kuna jambo moja ambalo halijatajwa, na kwa maoni yangu ndilo linalokufaa zaidi. Vinanda vingi vina potamento ya aina mbili: ile inayofanya kazi wakati wote, na ile inayofanya kazi pale tu noti zinapoungana kwa vidole. Chagua ya pili. Hapo utapiga kipande cha haraka kwa kuachia kila kibonye, na sauti haitaburuzika. Ukitaka iteleze mahali fulani, unashikilia noti kidogo kabla ya kubonyeza inayofuata.

Na kuhusu ni noti ipi ilitoka ulipobonyeza tatu, hilo hutegemea kipaumbele. Vinanda vingi vya leo hutoa iliyobonyezwa mwisho, lakini sinthesaiza ya Minimoog ya mwaka 1970 ilitoa ya chini kabisa, hivi kwamba ukishikilia Do na kubonyeza Sol iliyo juu yake, husikii badiliko lolote.

Muulizaji

Nashukuru sana. Nimeweka potamento ya vidole, muda 18, na kile kipande cha haraka sasa kinasikika safi. Nimegundua pia kwamba kidole changu cha nne huchelewa kuachia, kwa hiyo bado inateleza mahali nisipokusudia. Ila nimezima kinanda na kukiwasha, na kila kitu kimerudi kama mwanzo.

Jibu la 3

Hukuhifadhi. Sauti za kiwandani kwa kawaida haziwezi kufutwa na kuandikwa upya, kwa hiyo ihifadhi kama sauti mpya kwenye nafasi za mtumiaji kabla ya kuzima.