Naomba ushauri: MIG ndogo ya nyumbani, umeme wa kawaida

Mfugaji_Kibaha:
Habari zenu wakuu. Nina mashine ndogo ya rodi, nachomelea vitu vyangu mwenyewe hapa nyumbani. Wiki iliyopita nilikuwa naunga banda la kuku kwa skwea paipu ya geji 18. Rodi ya milimita 2.5, moto nimeshusha hadi ampia 60, bado chuma kinatoboka. Nikiziba tundu, linapanuka. Kona moja nimeziba mara nne mpaka imekuwa donge, sasa mlango wa banda haufungi.

Nataka MIG, ile mashine ya kuchomelea inayosukuma waya yenyewe badala ya rodi. Kariakoo nimeonyeshwa kadhaa zilizoandikwa 200 kwa maandishi makubwa ubavuni, na zote naambiwa zinakubali soketi ya ukutani. Sina karakana, nafanyia kazi chini ya mwembe. Nichukue ya gesi au isiyo na gesi?

FundiGeti:
Mkuu, chini ya mwembe gesi itakutesa. Kazi yake ni kukinga mshono usiguswe na hewa, upepo mdogo tu unaipeperusha, mshono unatoka na vitundu. Tumia waya wa floksi, ule wenye dawa ndani, wa milimita 0.8.

Ila kabla hujalipa, fungua kifuniko cha pembeni uone kama tochi, yaani kile kishikio kinachotoa waya, inaweza kuhamishwa kati ya chanya na hasi. Waya wa floksi usiotumia gesi, tochi inakaa hasi. Siku ukinunua mtungi na waya mtupu, inahamia chanya. Zipo mashine ambazo hazihamishiki. Mimi niliuziwa moja iliyofungwa kwenye chanya, nikatia waya wa floksi, cheche zikawa zinaganda kila mahali na mshono umekaa juu juu. Muda wote huo nilidhani mkono wangu ndio mbovu.

Umeme_Kwanza:
Kaka, achana na hiyo 200 ya ubavuni, soma kibati cha nyuma chenye vipimo vya mashine. Piga hesabu: MIG ikitoa ampia 200 inataka volti kama 24, hizo ni wati 4,800, bado hujaweka zinazopotea ndani ya mashine. Plagi ya ampia 13 kwa volti 230 inabeba wati 2,990 basi. Kwa hiyo soketi yako itakupa ampia 120 hivi. Na geji 18 ni milimita 1.2 tu, kama nusu ya hizo zinakutosha.

Kwenye kibati tafuta herufi X. Ikiandikwa 30% kwa ampia 120, maana yake katika dakika 10 unachoma 3, saba inapumzika. Waya wa ekstensheni uwe wa milimita za mraba 2.5, na uukunjue wote. Ukiuacha umezungushwa unapata moto mpaka unayeyuka.

Binti_Chuma:
Mimi sikubaliani na haraka ya kununua. Kaka, jaribu kwanza rodi ya 2.0, ampia 45, upige nukta nukta, usiburute. Nimechomelea madirisha mengi ya geji 18 hivyo hivyo. Ukinunua MIG, bakiza hela ya kofia nzuri, kioo namba 10 au 11.

Halafu, paipu yako ina zinki? Isugue kwa grenda pale unapounga, na ukae upande upepo unakotoka. Niliwahi kuchoma bila kusugua mchana kutwa, usiku nikatetemeka kama mwenye malaria.

Mfugaji_Kibaha:
Asanteni sana. Dada, rodi ya 2.0 imekubali, mlango sasa unafunga. Lakini nina mabanda matatu mbele yangu, MIG bado naitaka. Leo nimerudi dukani nikasoma vibati. Mashine ya "200" kumbe mwisho wake ni 140, na X yake 25%. Tochi inahamishika. Kuna kingine?

FundiGeti:
Chukua hiyo. Waulize kama ina rola (gurudumu linalosukuma waya) yenye meno, ndiyo ya waya wa floksi. Na usiikaze sana, waya ule una uwazi ndani, ukiubana unabonyea na kukwama njiani.